Kamati ya Kuokoa Baa ya Shangazi

Jumamosi ile Shangazi aliamka akaosha kila kitu kinachooshwa. Aliosha meza, akaosha kaunta, akaosha hata ukuta wa nyuma ya friji ambao tangu marehemu mumewe aupake rangi haujatazamwa na kiumbe mwenye macho. Glasi alizipangusa mpaka zikalia. Viti vya mbao, vyenye maegemeo yaliyolainishwa na migongo ya watu, alivipanga kimoja kimoja, na kile chenye mguu mfupi akakisogeza kwenye kona yake ya siku zote, kisije kikamwangusha mgeni.

Mgeni mwenyewe alikuwa Mrithi. Baba yake ndiye aliyekuwa mwenye nyumba ile, mzee mkali kama pilipili lakini mnywaji, na mwenye nyumba anayekunywa kwako hakufukuzi. Mzee alipokufa nyumba ikamwangukia mwanawe, kijana anayetembea na chupa yake ya maji kama mtoto mchanga na uji wake. Alipita wiki iliyotangulia, akachungulia ndani, akawakuta paka na redio.

"Mama, mkataba wako unaisha mwezi huu," alisema. "Nitapita Jumamosi saa kumi. Nikikuta watu, tutaendelea. Nisipokuta watu, usinilaumu. Nina mpango mwingine na hapa."

Basi kazi ikawa hiyo moja tu: Jumamosi, saa kumi, watu.

Usidhani watu walikuwa wamekwisha kwenye mtaa ule. Walikuwepo tele, na kiu zao. Ila baa ilikuwa imekabwa pande zote. Huko juu kuna mabwana ambao kila mwaka wanapandisha kodi ya chupa, na wao wenyewe hawajawahi kununua chupa hata moja, wananyweshwa bure kwenye hafla. Leseni moja ilizaa leseni tatu. Akaja mkaguzi wa choo, akaja mkaguzi wa kelele, akaja mkaguzi wa kuuliza kama wakaguzi wenzake wamekuja. Halafu duka kubwa la barabarani likaanza kuuza bia za makopo kwa bei ya kutupa, maana duka kubwa linaweza kula hasara kwenye bia likajilipa kwenye sabuni. Shangazi hauzi sabuni.

Hayo yote ni kweli na waliohusika wanajijua. Lakini wateja nao wasijitie hamnazo. Walinunua televisheni pana kuliko madirisha yao, wakanunua friji, wakajifungia. Na hawa si watu wa kupita njia. Kiwanda cha nguo kilipofungwa na wakubwa wakatoroka na mishahara ya watu, wafanyakazi walikaa baa hii hii wakapanga mgomo, na mume wa Shangazi aling'oa mlango wa stoo ukachanwa kuwa mabango. Mpaka leo stoo ile ina pazia. Aliyefiwa alichangiwa hapa. Aliyeachwa na mke alilia hapa, na aliyemchukua huyo mke alipigwa hapa. Leo ukimuuliza mmoja wao mbona haonekani, anakwambia, "Tupo tu, Shangazi, mambo mengi." Mambo mengi, na kopo liko mfukoni linamwaga jasho.

Habari ya Mrithi ilipoenea, mtaa uliwaka moto. Haitawezekana! Baa yetu! Karani, mstaafu wa ofisi ya ardhi ambaye hajawahi kuliona tatizo asiliundie kamati, akaunda Kamati ya Kuokoa Baa ya Shangazi. Kikao cha kwanza kikapangwa Jumamosi hiyo hiyo, mchana, sebuleni kwa Karani.

"Mbona msije kukaa kwangu?" Shangazi alimuuliza.

"Baa kuna kelele, Shangazi," Karani alisema. "Jambo hili linataka utulivu."

Shangazi aligeuka akamtazama paka, kisha akamtazama Karani.

Sasa Jumamosi imefika, saa tisa imepita, na wa kwanza kuingia alikuwa Fundi Bomba, yule anayezibua mifereji ya mtaa mzima. Shangazi alimpenda huyu kama wa kumzaa. Harusi yake ilifanyika kwenye baa ile, na aliyemfunga tai siku ile alikuwa marehemu mume wa Shangazi. Nje ameegesha mkokoteni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umewahi. Kaa hapo mbele, uonekane."

"Sikai. Nimefuata viti."

"Viti gani?"

"Hivi. Shangazi, kwa Karani kumejaa! Hujapata kuona! Hata fundi saa aliyeapa kuwa hatoki kwake mpaka kiama, katoka. Watu wengine wamekalia ndoo. Karani kasema haiwezekani mapambano makubwa kama haya yaendeshwe watu wamechuchumaa."

Shangazi aliweka kitambaa chini. "Si mngeyaleta mapambano hapa, penye viti?"

"Nililisema hilo."

"Wakasemaje?"

"Walilipokea vizuri sana. Limewekwa kwenye mengineyo."

"Na Mrithi? Saa kumi huyo hapa."

"Ndiyo mpango wenyewe!" Fundi Bomba alishaanza kubeba viwili viwili. "Kabla ya saa kumi tunafunga kikao, tunakuja wote kwa maandamano, viti vichwani, tunaimba. Kijana akiona jeshi lile, atatia saini akiwa amesimama."

Shangazi alisimama mlangoni akavitazama viti vyake vikipakiwa. Moyo mmoja ulimwambia, wewe mwanamke, una wazimu? Moyo wa pili uliyaona maandamano, ukawaona wale vijana wa kiwanda enzi zile wakiingia na mabango yao. Akausikiliza huu wa pili.

"Kile cha mguu mfupi niachie," alisema.

"Hakuna shida, hata Karani hatakikubali."

Saa kumi Mrithi alifika, chupa ya maji mkononi. Alisimama katikati ya ukumbi mweupe uliong'arishwa, akageuka huku na huku.

"Aisee," alisema. "Mama, umeshaondoa hata viti? Umenirahisishia kazi."

"Hapana, baba, wanakuja. Watu wanakuja na viti."

"Wanakuja na viti vyao?"

"Na vyangu. Nimewaazima. Wako kwenye kikao."

"Kikao cha nini?"

Shangazi alijua jinsi jibu litakavyosikika kabla halijamtoka. "Cha kuokoa baa."

Mrithi hakutaka kucheka, haki yake apewe. Alikaza midomo, akatazama dari, akajishika kwenye kaunta, lakini cheko likampasuka tu, akacheka mpaka maji ya chupa yakamwagikia kiatu. Kisha, kwa kuona aibu, akasema atangoja. Akakikalia kile kiti kilichobaki. Kikamyumbisha, akaruka kama aliyekalia mwiba, akamalizia kungoja kwake wima.

Walingoja. Shangazi alitega sikio barabarani. Kila kelele ilikuwa maandamano mpaka ikapita ikawa mwenye kuuza mifagio. Mrithi, kwa kutokuwa na la kufanya, akatoa futi kamba mfukoni akaanza kupima ukuta.

"Utaweka nini hapa?" Shangazi alimuuliza.

"Stoo ya vinywaji. Mtu yuko kwake, anaagiza kwa simu, pikipiki inampelekea. Watu hawataki kutoka siku hizi, mama. Si mimi niliyewafungia ndani."

Hilo moja alilisema kweli, mwizi mkubwa yule. Alipomaliza kupima aliitazama barabara mara ya mwisho, akaitazama saa, akasema pole, vitu vitoke kabla ya mwisho wa mwezi. Akaondoka.

Shangazi alivua aproni, akafunga mlango, akashika njia ya kwa Karani.

Vicheko alivisikia toka kwenye kona. Nyimbo pia. Sebule ya Karani ilifurika, watu wamebanana bega kwa bega kwenye viti vyake, kila mmoja na kopo la duka kubwa, na mezani makopo matupu yamejengwa mnara. Miaka mingi hakuwa ameona watu wakifurahi hivyo pamoja. Mtu angepita pale angesema, baa gani hii nzuri namna hii?

Mlangoni alizuiwa na fundi saa.

"Mjumbe au mwalikwa?"

"Mimi ni mwenye baa."

Fundi saa akageuka ndani. "Mwenyekiti, mwenye baa anaruhusiwa?"

Karani aligonga meza kwa kijiko. Alikuwa amevaa koti la suti na kandambili. "Wajumbe, tumebahatika. Mwathirika mwenyewe amefika. Shangazi, tuvumilie kidogo. Tuko kwenye jina. Wapo wanaosema iwe Kamati ya Kuokoa, wapo wanaosema Kamati ya Kunusuru. Hoja ni nzito pande zote. Tukivuka hapo, wewe tumekuweka kwenye..."

"Mengineyo," Shangazi alisema.

"Ahaa! Kumbe unazo taarifa."

"Na mimi ninazo zangu. Mrithi amekuja, amengoja, ameondoka. Hakukuta mtu. Hakukuta hata pa kukaa. Baa imekwisha."

Fundi Bomba, aliyekaa karibu na dirisha, aliitazama saa ya ukutani kama imemsaliti, na kopo likamlegea mkononi.

"Atafanya nini pale?" Karani aliuliza kwa sauti ya msibani.

"Stoo ya bia. Unaagiza kwa simu, pikipiki inakuletea."

Wakatikisa vichwa. Ubepari! Unyama! Vijana wa siku hizi! Kisha kutoka nyuma kabisa, sauti moja, yenye haya kidogo, ikauliza:

"Wanaleta mpaka mlangoni?"

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemkemea. Shangazi aliwatazama nyuso moja baada ya nyingine, nyuso alizozifuta machozi na matapishi, akaona kuwa wote wanangoja jibu.

"Mpaka mlangoni," alisema.

"Na zinakuja baridi?"

"Wajumbe!" Karani aligonga meza. Alijua kuongoza watu, hasa pale wasipokwenda popote. "Wajumbe, hebu tuwe na utu. Naomba sote tusimame tuikumbuke Baa ya Shangazi kwa dakika moja."

Wakasimama. Wakainamisha vichwa, makopo kifuani, macho yamefumbwa. Walisimama vizuri, kwa heshima, kama watu waliozoea kuzika kuliko kuuguza.

Shangazi alishika kiti kilichokuwa karibu, akakitoa nje. Akarudi, akachukua kingine. Fundi Bomba alifumbua jicho moja, akaona, akaelewa. Akaweka kopo chini, akabeba viwili. Wawili hao walifanya kazi kimyakimya kati ya watu waliofumba macho, na kwa kuwa Karani alipenda dakika zake ziwe ndefu, walifika mpaka kilichokuwa nyuma yake.

"Amina. Tukae," Karani alisema, akawa wa kwanza kukaa.

Kishindo kilisikika mpaka barabarani. Ukafuata mnara wa makopo, kopo baada ya kopo.

"Hoja ya utaratibu!" alipiga kelele kutoka sakafuni. "Nani ameidhinisha hili?"

Mkokoteni ulikuwa umeshageuzwa. Fundi Bomba alisukuma, Shangazi akatembea pembeni ameshikilia viti visianguke. Jua lilikuwa bado lipo, saa ile ambayo zamani wanaume wa mtaa huu walikuwa wakitoka kazini na kunyoosha moja kwa moja kwake bila kupitia nyumbani.

Mlango wa baa ulipoonekana, Fundi Bomba alipunguza mwendo.

"Shangazi," Fundi Bomba alisema mwishowe, hamtazami. "Nisamehe. Kesho nitakuja. Wallahi kesho nitakuja, nitakaa mpaka unifukuze."

Shangazi alikisukuma kiti kimoja kilichotaka kuteleza, kikakaa sawa.

"Kesho utakuja wapi, mwanangu?"