Nyonga za Doa

"Hapa," alisema daktari wa mifugo, akigonga kwa kalamu picha ya eksirei iliyobandikwa kwenye taa. "Kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kikae ndani ya kikombe cha nyonga. Hiki kinaning'inia pembeni. Kushoto ndiko kubaya zaidi."

Fundi cherehani hakuketi. Alikuwa amesimama tangu aingie, kamba ya mbwa ameizungusha mkononi mara mbili. Doa, jike mweusi mwenye baka jeupe kifuani, alikuwa akinusa mlango, anarudi, anaunusa tena. Siku ya kumi na moja ya joto, ya kutaka dume. Kama ni kupandishwa, ni leo au kesho.

"Watoto watarithi?"

"Baadhi yao. Wawili, labda wanne, labda wote. Hutajua mpaka waanze kukimbia."

"Hata dume akiwa mzima?"

"Hata hivyo. Na mimba yenyewe itamlemea."

"Daktari, usinizungushe. Angekuwa wako?"

Daktari alizima taa. "Nisingemzalisha. Lakini mimi sina mama mkwe anayesubiri mtoto wa mbwa."

Njiani majibwa matatu ya mtaani yaliwafuata mpaka kona ya duka la rangi. Aliyatishia kwa mwavuli, yakarudi nyuma hatua mbili, yakafuata tena. Fundi alitembea upesi, kisha akapunguza mwendo kwa ajili ya mguu wa Doa, kisha akajisahau na kukaza mwendo tena. Mumewe alifariki miezi tisa iliyopita, homa ya siku tatu tu. Mama mkwe hakutaka kitanda, wala redio, wala koti. Alitaka mtoto mmoja wa huyu mbwa ambaye mwanawe alimlea kwa chupa ya maziwa. Na fundi alikubali, kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya shemeji zake wote.

Chumba chake cha kushonea kilikuwa juu ya duka la vyombo. Mama mkwe alikuwa ameshafika, ameketi kwenye kigoda cha wateja, beseni mapajani.

"Umechelewa, mwanangu. Yule wa bucha analeta dume saa nne."

"Hilo beseni la nini, mama?"

"La watoto. Nimetandika shati la marehemu, waizoee harufu yake."

"Mimba ni miezi miwili."

"Kwa hiyo nisitandike?"

Fundi alimfungia Doa chumba cha nyuma, kwenye majora ya vitambaa. Aliketi kwenye cherehani, akashona mshono mmoja, akaufumua. Akainuka kuhamisha pasi. Akairudisha ilipokuwa. Nyuma ya mlango kucha za mbwa zilikwaruza, zikanyamaza, zikakwaruza.

Vishindo vilisikika ngazini. Mwenye bucha aliingia na dume lake la kahawia, manyoya yanameta.

"Shemeji, Meya huyu hapa. Nimemwogesha kwa sabuni yangu mwenyewe. Mke wangu amenuna, anasema yeye hajawahi kuogeshwa hivyo."

"Rudi naye, shemeji. Doa hazai."

"Leo hazai?"

"Hazai kabisa. Nyonga zake ni mbovu, na atawaachia watoto."

Mwenye bucha alimtazama mama mkwe, akamtazama Meya. "Sasa huyu nimwambie nini?"

"Mwambie ameoga bure."

Mama mkwe hakucheka. Alingoja vishindo viishe kabisa ngazini.

"Ulinipa neno."

"Nilikupa, mama."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu. Nilikosea."

"Miguu tu. Mimi magoti yaliniuma tangu usichana, na nikazaa sita."

"Mama, unazikumbuka zile sketi za shule?"

Mama mkwe aligeuza uso dirishani. Alizikumbuka. Wakati ule fundi alichukua kipimo kwenye sketi kuukuu ya mwanafunzi mmoja, iliyokwisha kuvutika upande, akachora kiolezo cha karatasi, akatandika kitambaa tabaka juu ya tabaka na kukata arobaini kwa mkupuo mmoja. Zote ziligeukia kushoto. Mama mkwe mwenyewe alikaa naye siku tatu, wembe mkononi.

"Mbwa si sketi," alisema.

"Si sketi. Zile tulizifumua."

Chini, muuza vyombo alikuwa akipanga sufuria. Zililia moja moja. Mama mkwe alilishika shati ndani ya beseni, akalikunja, akalikunjua.

"Miezi tisa," alisema, "sijashika kitu chake chenye joto."

Fundi alitafuta neno la kumliwaza. Hakuwa mtu wa maneno hayo, na lililotoka lilikuwa jingine.

"Mwanao alikuwa akimbeba Doa kila siku hizi ngazi. Tulikuwa tukimcheka, tukisema anamdekeza. Alijua anaumia, mama. Alijua, akatuficha."

"Hakuniambia."

"Hata mimi."

Fundi alirudi kuketi kwenye cherehani. Fundi aliona aibu kumlaumu marehemu, na aliona pia kwamba hangeyarudisha maneno yake.

"Na sasa?" mama mkwe aliuliza.

"Joto likiisha, miezi miwili mitatu hivi, daktari atamfunga kizazi."

"Kwa hiyo ndiyo mwisho."

"Ndiyo, mama."

Fundi aliinuka akafungua chumba cha nyuma. Doa alitoka mbio, mguu wa kushoto ukigusa sakafu kidogo tu, akaenda moja kwa moja mlangoni alikopita dume.

"Atatulia lini?" mama mkwe aliuliza.

"Wiki moja. Labda zaidi kidogo."

Mama mkwe alivua viatu, akavipanga ukutani kama mtu asiyekusudia kuondoka leo. Doa alikwenda mlangoni, akarudi dirishani, akaenda tena mlangoni. Na kila alipopita mbele ya kigoda, mama mkwe aliinua miguu yake kumpisha, bila kumtazama, kisha akaishusha taratibu.