Nyumba Kumi na Moja Juani

Saa tatu asubuhi, kama kila siku kwa miaka kumi na tisa, Bi Penseli alibandika karatasi chini ya darubini ya jua. Taswira ya jua ikatua pale, duara jeupe la ukubwa wa sahani, naye akaanza kuchora madoa yake meusi. Kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Siku hiyo madoa yalikuwa kumi na moja, na yalikuwa nyumba. Alizitambua zote. Zilisimama kilimani hapahapa, zikabomolewa ili kituo cha taifa cha kutazama nyota kijengwe. Ya nne ilikuwa yao, yenye jiko la nje. Jiko lilikuwa likifuka, akauchora na moshi.

"Kundi zuri la madoa," alisema mkurugenzi wa kituo, akaugonga mchoro muhuri. "Ila moshi hauna nafasi kwenye fomu. Uweke kwenye maelezo mengineyo."

Jioni alimpelekea baba yake nakala. Mzee, mtu wa maneno mengi na meno machache, alikuwa na ombi moja tu duniani: azikwe kilimani, ubavuni mwa mkewe. Mara mbili kituo kilimjibu kwamba pale palikuwa pori tupu.

"Sasa muhuri ni wao wenyewe," alisema. "Watakataaje?"

"Baba, hao watakataa mvua huku wameshika mwavuli."

"Andika tena, mwanangu. Subira huvuta heri."

"Yako imevuta mpaka kamba imekatika."

Lakini aliandika.

Jua lilizunguka na nyumba zake, zikapotea upande wa pili, zikarudi. Asubuhi ziliporudi, kitanda cha mzee kilikuwa kimetandikwa na viatu vyake havipo. Bi Penseli akaenda kazini. Mbele ya nyumba ya nne palikuwa na vidoa viwili: kimoja kikifagia uwanja, kingine kikimwonyesha alipobakiza takataka. Mama hakubadilika hata kidogo. Bi Penseli alicheka, kisha akalia, kando kidogo, karatasi isilowe.

Mkurugenzi akaugonga muhuri mchoro wa siku hiyo. Wino haujakauka, akagonga karatasi ya pili, jibu la ombi: kilima hiki hakikuwahi kukaliwa na mtu.

"Mpelekee baba yako."

"Amehama, bosi."

"Kahamia wapi?"

Akamwonyesha mchoroni kwa ncha ya penseli. Mkurugenzi akavaa miwani, akainama, akatazama kwa makini.

"Ya ngapi hiyo?"

"Ya nne."

Mkurugenzi akachukua bahasha, akatia barua ndani, na juu yake akaandika kwa mwandiko safi: Nyumba ya nne, yenye jiko la nje.