Breki za Ngamia

Alhamisi saa nne asubuhi, siku tatu kabla ya mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, katibu wa chama alikuwa ameketi kwenye meza ndefu ya ukumbi wa hoteli akigawa namba za mgongoni. Kila mwendeshaji alipewa namba mbili za kitambaa na pini nane. Pini zilitolewa kwa kuhesabiwa, maana mashindano yaliyopita zilipotea nyingi na katibu si mtu wa kusahau pini. Alipofika sitini na moja aliita jina bila kuinua macho. Ngamia akasogea mbele, akapokea vitu vyake, akatia sahihi. Ngamia alikuwa amekufa tangu mwezi wa nne wa mwaka uliopita.

Kosa lilikuwa la katibu mwenyewe. Orodha ya timu ya wanawake aliinakili kutoka ile ya zamani, akabadilisha tarehe, akaituma huko inakotumwa. Hakuna aliyekumbuka kulifuta jina moja. Kwa hiyo Ngamia aliitwa, na tangu utoto wake alikuwa mtu wa kuitika akiitwa. Alikuja na sare ya timu, nywele zimesukwa vizuri, na soksi nyeupe ndefu alizovalishwa na mama yake siku ya mazishi.

Jina la Ngamia alibandikwa na wenzake kwa sababu ya kazi yake. Kwenye timu ya baiskeli anayeshinda ni mmoja, nahodha, na wengine wote wapo ili yeye ashinde. Ngamia alikuwa wa maji. Kila nahodha alipoishiwa, yeye alirudi nyuma hadi kwenye gari la timu, akapokea chupa sita au saba dirishani, akazisokomeza mgongoni ndani ya fulana, kisha akakanyaga kufa na kupona kuwafikia wenzake waliokuwa wamekwisha kwenda zao. Aliifanya kazi hiyo miaka mitano. Picha yake haikuwahi kutoka gazetini, ila mara moja, nusu bega.

Mwamuzi mkuu, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alikipekua kitabu cha kanuni kwa nusu saa. Uzito wa baiskeli ulikuwemo, upana wa usukani ulikuwemo. Kuhusu marehemu hapakuwa na neno. Kuhusu soksi lilikuwepo: zisipite nusu ya urefu kati ya kifundo cha mguu na goti. Mwamuzi alipiga magoti, akapima kwa rula.

"Zimezidi sentimita tatu," alisema. "Zikunje."

Ngamia akazikunja, mambo yakaisha.

"Afadhali," nahodha alimwambia meneja wa timu. "Huyo mliyetaka kumleta badala yake hata chupa mbili zinamlemea."

Ngamia alikuwa na ombi moja tu. Baiskeli yake aitengeneze baba yake.

Hapo watu walitazamana. Baba yake alikuwa fundi wa timu kwa miaka ishirini na mbili, mpaka ilipotoka ripoti ya ajali. Ripoti ilikuwa ukurasa mmoja, imeandikwa na meneja, ambaye siku ile ya mazoezi ndiye aliyekuwa akiendesha gari la timu na ndiye pekee aliyekuwa karibu. Ilisema: chanzo cha ajali ni breki ya mbele kutokazwa ipasavyo na fundi. Fundi alirudisha funguo za stoo siku ileile. Siku hizi alikuwa akitengeneza vyerehani katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa, na baiskeli hakuzigusa tena.

Hakuwahi kubisha. Watu walidhani ni unyonge, lakini ukweli ni kwamba hakuwa na uhakika. Kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani alizikaza breki zile upya kichwani: waya, kiatu cha breki cha kulia, cha kushoto, nati. Kila asubuhi alifika kwenye nati na hakuweza kukumbuka kama alizungusha spana mara ya mwisho au aliitwa na mtu akaacha. Kama aliacha, basi amemuua mwanawe. Mtu anaweza kuishi na jambo kama hilo, na yeye aliishi nalo, lakini alikonda.

"Mwacheni aje," alisema meneja. "Maadam mwenyewe anamtaka."

Alikuja Ijumaa na sanduku lake. Aliifunga baiskeli ya akiba kwenye stendi nyuma ya hoteli, akausafisha mnyororo kwa mswaki, akanyoosha spoki mbili. Breki alizikagua mara kumi na moja. Binti yake alisimama pembeni, mkono juu ya tandiko, kama alivyokuwa akisimama alipokuwa mdogo.

Fundi alikuwa na swali moja. Alilimeza, akauliza lingine.

"Nikuwekee upepo kiasi gani? Una kilo ngapi siku hizi?"

"Sijui, baba. Weka kama zamani."

Aliweka kama zamani.

Mama yake naye alikwenda hotelini siku hiyo. Walikaa saa mbili kwenye benchi la bustani wakiongea habari za nyumbani: bomba la jikoni, shangazi aliyehama, mbwa wa jirani. Ya ajali hayakutajwa. Lakini Jumapili ilipofika, mama alisema haendi barabarani. Hakueleza kwa nini, wala fundi hakumuuliza. Katika nyumba ile, mwaka mzima na zaidi, watu walikuwa hawaulizani.

Mashindano yalianza saa tatu asubuhi, mizunguko kumi na moja kuzunguka mji, kila mzunguko na mlima mmoja mkali nyuma ya kiwanda cha saruji. Fundi alikaa kiti cha nyuma cha gari la timu, magurudumu ya akiba mapajani. Meneja aliendesha kwa mkono mmoja. Redioni walikuwa wakitangaza majina ya walio mbele, na la Ngamia halikutajwa, kama kawaida.

Mzunguko wa nne nahodha aliomba maji. Ngamia akarudi nyuma, akalisogelea dirisha la meneja, akapokea chupa moja, ya pili, ya tatu. Alikuwa mkavu, hana jasho hata tone. Alipopokea ya saba, meneja hakuiachia. Aliishikilia upande wake, Ngamia akaishikilia upande wake, na meneja akakanyaga mafuta, baiskeli ikavutwa mbele mita kama ishirini bila Ngamia kuzungusha pedali.

Wote wa mchezo huu wanaijua hila hiyo na wote wanaifanya. Ni njia ya kumpunguzia kazi mbeba maji, na waamuzi wanaifumbia macho isipozidi. Fundi alikuwa ameiona mara elfu. Lakini Jumapili ile alikuwa ameketi nyuma ya dirisha lenyewe, akaiangalia mikono miwili juu ya chupa moja, na hakuweza kuondoa macho. Ngamia alikuwa akimtazama meneja, wala si kwa hasira, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kuongea.

"Shika vizuri," alisema meneja, kisha akaachia.

Mwamuzi wa pikipiki alipiga filimbi, akaandika onyo. Aliyepewa ni Ngamia.

Mzunguko wa tisa, chini kidogo ya kile kiwanda, gurudumu la mbele la nahodha lilipata pancha. Gari lilikuwa limebanwa nyuma ya msafara. Ngamia alifanya kile anachofanya mbeba maji yeyote: aliteremka, akachomoa gurudumu lake mwenyewe, akampa nahodha, akamsukuma mgongoni mpaka akashika mwendo. Halafu akasimama kando ya barabara na baiskeli yenye gurudumu moja. Gari lilipofika, meneja alipunguza mwendo tu.

"Shuka umtengenezee," alimwambia fundi. "Mimi namfuata nahodha. Utapanda gari la mwisho."

Fundi akashuka na gurudumu mkononi, na gari likaondoka.

Kubadilisha gurudumu kulimchukua fundi sekunde kumi na mbili enzi zake. Siku ile aliliweka gurudumu mahali pake kisha hakulikaza. Msafara wote ulipita, pikipiki zikapita, gari la wagonjwa likapita. Pakawa kimya, na upande wa pili wa barabara mzee mmoja akakunja kiti chake cha plastiki akaenda zake. Fundi akapiga moyo konde.

"Mwanangu, zile breki."

"Zilikuwa nzima, baba."

"Una hakika?"

"Zilishika palepale. Meneja alikuwa ananivuta kwa chupa, huku anaongea na simu. Lori likatoka uchochoroni, naye akakata kona ghafla. Mimi nikabana breki kwa mkono mmoja. Baiskeli ikasimama kabisa. Yeye hakuachia chupa. Baiskeli ikabaki nyuma, mimi nikaenda na gari."

Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye lami. Alimaliza kukaza gurudumu, akahakikisha, akahakikisha tena.

"Na wewe mbona hukuachia?"

"Yalikuwa maji ya nahodha," alisema Ngamia.

Fundi alilia. Hakujificha wala kugeuka; alilia kama watu wanavyolia, kwa sauti, na kamasi, akijifuta kwa tambara la grisi. Alilia kwa furaha na kwa uchungu, na asingeweza kukuambia kipi kilikuwa kingi.

"Mbona hukuja kuniambia? Mwaka mzima, mama. Mwaka mzima nakufa mimi."

"Sikuitwa, baba."

Fundi hakuwa amejua kwamba ilitosha kuita.

"Sasa nimechoka," alisema Ngamia. "Nikimaliza hapa msiniite tena. Nataka kupumzika sana."

Akapanda. Baba yake akamsukuma mgongoni, hatua saba, nane, mpaka mkono ukabaki hewani. Alimaliza wa mwisho, wa mia moja na kumi na mbili, dakika ishirini na sita nyuma ya mshindi. Nahodha alishika nafasi ya nne. Ngamia alirudisha namba mbili na pini nane kwa katibu, akaegemeza baiskeli ukutani, akaondoka kwa miguu kuelekea makaburini, soksi bado amezikunja.

Jumanne fundi alikwenda ofisini kwa katibu na maelezo ya kurasa mbili, ameyaandika kwa mkono. Katibu hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha kiti, akaagiza chai, akasoma yote mpaka mwisho.

"Shahidi ni yeye mwenyewe?"

"Ni yeye mwenyewe."

"Basi aje atie sahihi."

"Amechoka. Ameomba apumzike."

"Hata angekuja," katibu alisema polepole, "fomu ya ushahidi inataka mtu aliye hai."

"Alhamisi alitia sahihi mbele yako, ukapokea."

"Ile ilikuwa orodha ya kuanzia, mzee wangu. Ile haiulizi." Katibu alikoroga chai yake, ambayo ilikuwa imekwisha kukorogwa. "Tena kuna jambo jingine. Yeye amemaliza mashindano ya dunia, matokeo yametoka. Mtu aliyemaliza mashindano juzi hawezi kuwa na faili la kifo lililo wazi. Nimelifunga jana."

"Umelifunga na chanzo gani?"

"Kilekile."

Nakala ya ripoti ilikuwa ubaoni nyuma ya mlango, imebandikwa kwa gundi, chini ya kichwa cha habari kilichosema mafundi wote wasome. Meneja alikuwa ameongezewa mkataba wa miaka minne kwa ile nafasi ya nne. Fundi alikunywa chai kwa sababu ameagiziwa, akashukuru, akatoka.

Alifika nyumbani saa kumi na moja jioni. Mkewe alikuwa sebuleni akikunja nguo zilizotoka kuanuliwa. Fundi alikuwa amezunguka na habari ile siku mbili akitaka kwanza karatasi ibadilike, ili ampe mkewe neno lenye mhuri. Sasa mhuri haukuwepo. Alisimama mlangoni akalisema hivyohivyo.

"Breki zilikuwa nzima. Ameniambia mwenyewe. Zilishika."

Akamsimulia yote: chupa, simu, lori, mkono ambao haukuachia, na kwamba hakuja mapema kwa sababu hakuitwa. Mama wa Ngamia alisikiliza huku shuka likiwa limemning'inia mikononi. Fundi alitegemea atalia au atafurahi. Mkewe alikaa kitini.

"Mimi niliiamini ile karatasi," alisema. "Niliiamini mpaka hivi sasa unavyoongea. Ndiyo maana Jumapili sikwenda. Niliogopa kumwona juu ya baiskeli uliyoikaza wewe."

"Hukuniambia hata siku moja."

"Ningekuambia nini? Nililala na wewe kitanda kimoja na najua umemuua mwanangu. Nilipambana na moyo wangu miezi sita. Mwezi wa kumi nikakusamehe. Ilikuwa Jumatano. Nilikupakulia chakula, ukala, ukasema chumvi imezidi." Alijipangusa uso kwa pindo la shuka. "Sasa niambie, msamaha huo niupeleke wapi?"

Meneja hakutajwa na yeyote kati yao. Fundi alikuwa bado ameshika kitasa.

"Uache hapohapo, bado nauhitaji," alisema. "Mimi sikumwita. Mwaka mzima, sikumwita hata mara moja."

"Hata mimi," alisema mama.

Fundi akaingia ndani, akashika ncha ya pili ya shuka, wakalikunja.