Nukta Kwenye Kunjo

Kwa maneno ya jirani msusi, marehemu fundi cherehani alimwacha mkewe kwa maandishi, wiki mbili kabla ya kufa. Anasema barua ilisomwa na kaka wa marehemu mwenyewe, yeye msusi akiwa ameshika kichwa cha mteja, na kitana kikamdondoka. "Talaka ile, shoga. Sasa mjane wa nani?" Kufika saa nne asubuhi, mtaa ulikuwa umeshaimeza habari bila kuitafuna.

Kaka mtu hakuchelewa. Alikuja na mkokoteni kuchukua cherehani mbili, maana mke aliyeachwa, alisema, hana chake humu ndani. Mjane alikaa juu ya robota la vitambaa.

Mpwa wake alikuwa dirishani, anafumua gauni lililoshonwa upande. Shule aliishia darasa la saba. Kufumua ndiko kulikompa jina la Bi Fumua. Hakuinua kichwa mpaka alipoumaliza mshono.

"Baba mkubwa, naomba niione hiyo barua."

"Mambo ya wakubwa haya."

"Nitaishika kwa ncha za vidole."

Akampa, kwa dharau tu. Karatasi ilikunjwa mara nne ikakaa mfukoni, hata wino ukachubuka kwenye makunjo. Mstari wenyewe ulisomeka: Nimemwacha mke wangu cherehani zote mbili. Bi Fumua akaurudia polepole, kama anayetafuta ncha ya uzi.

"Neno lina vipande kama gauni," akasema. "Ni ya mwanzo, ndiye marehemu. Me, jambo limeshafanyika. Mw, ni mama mdogo. Ach ndiyo kiwiliwili. Na a ya mwisho ni pindo."

"Si ndiyo hiyo, nimemwacha? Umenishonea mwenyewe."

"Cherehani je, zinaning'inia wapi? Ukimwacha mtu, umemwacha, maneno yamekwisha. Hizi hapa hazina pa kushikia. Kabla ya pindo kuna kipande kimetoka. I. Nimemwachia."

Msusi alikuwa ameshafika mlangoni, mteja wake nyuma, nusu kichwa hakijasukwa. "Yaani ka-i kamoja tu kanafuta talaka?"

"Dada, kumpikia mgeni na kumpika mgeni ni sawa?"

Mteja ndiye aliyeanza kucheka. Msusi akamkanyaga mguu.

Bi Fumua akaiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Palepale kunjo lilipopita, katikati ya ch na a, palikuwa na nafasi ya herufi moja. Mwili wake ulishafutika, lakini juu ilibaki nukta, ndogo kama tundu la sindano. Mjane akasimama, akaja kuitazama, akaweka kiganja juu ya cherehani ya kwanza.

Bi Fumua akairudisha barua kwa mikono miwili.

"Baba mkubwa, naomba uwasomee tena hapo nje. Kwa sauti ileile ya asubuhi, na hiyo nukta usiiruke."

Kaka mtu akaitazama karatasi. Akautazama mkokoteni. Watu mlangoni wakampisha njia, wakisubiri.