Ukoo wa Bibi Abigail

Mume wangu Rogers alipofariki, nilimpigia baba yangu simu Bukoba nikamwomba ampe binti yetu Angel jina la ukoo wetu. Mzee Kalisti alikataa katakata.

"Mtoto ni wa ukoo wa baba yake, Natalia. Ana kwao. Jina atapewa na hao Wazungu."

Basi nikampeleka kwao. Mama mkwe wangu, Bi Carolyn, anaishi Katy, nje kidogo ya Houston. Alikuwa ameshikwa na homa ya kutafuta nasaba ya bibi mmoja, Abigail, aliyekanyaga Virginia enzi za ukoloni wa Mwingereza. Alitaka akubaliwe kwenye chama cha wanawake wa damu hiyo. Nami, mjinga mimi, nikachangamka. Kila Jumapili tukirudi nyumbani kwetu Euless kutoka kanisani, nilimfundisha Angel kuhesabu mababu kama tulivyofundishwa sisi Wahaya: Abigail alimzaa Josiah, Josiah akamzaa Nathan, hadi Wilfred akamzaa Rogers, Rogers akamzaa Angel! Hapo kwenye jina lake alipiga kelele hadi masikio yaliniuma.

Siku ya sherehe ya Bi Carolyn kukubaliwa chamani tulifika Katy, Angel ndani ya gauni jipya. Ukutani palitundikwa bango kubwa lenye mti wa ukoo. Nikaufuata kwa macho. Chini ya jina la mume wangu paliandikwa: Hakuacha mtoto.

Nilimvuta mama mkwe jikoni. "Mama, na Angel je?"

"Alizaliwa kabla hamjafunga ndoa. Chama hakiwahesabu hao. Si mimi, ni kanuni." Akanipapasa mkono. "Lakini nampenda, unajua hilo."

Upendo gani huo wa kuambiwa jikoni? Nikatoka kumchukua mwanangu twende zetu, nikakuta wageni wameshampandisha kwenye kiti mbele ya bango. Alikuwa akihesabu bila kukosea, kidole kikifuata majina. Bi Carolyn alinipita, akaenda kusimama mbele, anatabasamu.

"Wilfred akamzaa Rogers," Angel alisema. Kidole kikashuka, kikasimama. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Kisha akanitazama mimi, si bibi yake.

"Rogers hakuacha mtoto," akamalizia kwa sauti ndogo.

Wakampigia makofi. Bibi yake ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote.