Jenereta Nyuma ya Kanisa

Kabla sijaliona lango nilisikia jenereta. Ilinguruma nyuma ya ukuta mrefu wa mawe, ikakohoa, ikashika tena, na ndege wote wa mtaa wa Kitisuru walikuwa wameinyamazia. Nikajua stima zimepotea kwa Anko, tena siku ya sherehe yake, yeye aliyekuwa mkubwa wa mpango wa kupeleka stima vijijini. Nikacheka peke yangu barabarani.

Anko Isaiah Kitonga, kaka wa marehemu mama yangu, alikuwa anastaafu. Alianza kazi serikalini akiwa bwana misitu kwetu Ukambani, akagawa miche na kukamata wachoma makaa, akapanda cheo hadi ofisi za katikati ya jiji, kisha akahamishiwa mambo ya umeme. Familia ilinipa mimi kazi ya kumsifu kwa shairi. Angepewa nani mwingine? Mimi huchoma nyama Kenyatta Market, na hakuna mteja wangu ambaye hajanisikia nikighani huku nikikata mbavu. Sikufundishwa na mtu. Mizani nilijihesabia kwa vidole, vina nikavisaka mwenyewe, na nilikuwa tayari kupigana na yeyote ambaye angesema havikutosha.

Ndani ya hema wageni walikuwa wamejaa suti na manukato. Mama yake Anko, Susu Kavutha, aliyeletwa jana kutoka kijijini, alikuwa ameketi pembeni na kikapu chake mapajani. Nikainama anishike kichwa.

"Unanuka moshi," akasema bibi yangu. "Sasa mke utampata wapi?"

"Nitaoa anayependa nyama, susu."

Akacheka, halafu akainamisha sikio upande wa nyuma ya nyumba. "Hii sauti naijua."

"Ni jenereta tu. Stima zimepotea."

"Najua ni jenereta. Ni kama ile ya siku ya taa."

Siku ya taa naikumbuka. Nilikuwa mtoto wa shule. Anko alikuja na wakubwa wenzake, balbu zikawaka kanisani adhuhuri, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Wiki hiyo hiyo mama akanileta Nairobi. Ubeti mzuri kuliko yote katika shairi langu ulitoka siku hiyo.

"Kwani jenereta ilikuwa wapi, susu?"

"Nyuma ya kanisa, imefunikwa turubai. Ninyi mlikuwa mnaimba, hamkuisikia. Jioni ikapakiwa kwenye lori ikaenda, na balbu zikaenda nayo."

"Na zile nguzo?"

"Zipo. Mbuzi wanajikunia."

Nilijua nyumba ya susu haina stima. Nilidhani ni ukaidi wa wazee. Miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza.

Akanieleza kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa kwenye nyasi. Anko alipokuwa bwana misitu, alileta miche ya mukau, ule mti wetu wa mbao, na susu akaita mwethya. Kwetu mwethya ni kazi ya wote: jirani akikuita, unabeba jembe na kwenda, huulizi utapata nini, kwa maana kesho utaita wewe. Wakapanda. Kila mtoto alipewa mti wake, na mama yangu Kaindi alikuwa na wake. Miti ikakua. Kisha Anko akarudi, sasa ni mtu wa stima, akasema waya utapita hapo hapo na miti lazima iondoke kwanza. Watu wakakataa. Susu akaita mwethya tena.

"Niliwaambia, mwanangu hawezi kunidanganya. Wakakata. Wa Kaindi niliukata kwa mkono wangu, wengine wasione ninaubakiza. Waya haukuja, ikaja jenereta ile. Tangu hapo nikiita mwethya, hakuna anayekuja, Muema. Matuta yangu nayachimba peke yangu."

"Umemwambia Anko?"

"Nimwambie nini? Ni mwanangu. Na leo ni siku yake. Wewe soma shairi lako, tule."

Hapo mshereheshaji, jamaa mmoja wa ofisi ya Anko aitwaye Lenox, akashika kipaza sauti. "Haya, sasa tumkaribishe mshairi wetu, moja kwa moja kutoka Kenyatta Market! Mkisikia njaa wakati anasoma, msishangae, ni hiyo shati yake!"

Wakacheka. Nikaenda mbele masikio yakiwaka, nikafungua karatasi.

*Kitonga mwana wa nuru,*
*Miti kwako yashukuru,*
*Giza lililotudhuru*
*Umelizima milele.*

Makofi. Anko akatikisa kichwa polepole kwa raha, glasi mkononi. Jenereta ikakohoa nyuma ya nyumba, kipaza sauti kikakatika, kikarudi. Nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni. Ubeti uliofuata sikuwa nimeuandika popote. Ulikuja wenyewe, nami nikautoa kwa sauti yangu yote.

*Miti tuliyoipanda*
*Kwa shoka ukaivunda,*
*Ukatuachia donda*
*Na taa ya siku ile.*

"Taa ya jenereta!" nikaongeza. "Iliyofichwa nyuma ya kanisa! Muulizeni!"

Kijana mmoja nyuma akapiga mluzi na kunisifu, "Ameua!" Hakuna aliyemfuata. Anko aliweka glasi yake ukingoni mwa meza, ikaanguka, hakuiokota.

Nami nikamgeukia susu, nikitafuta shukrani. Ndiyo, shukrani. Alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yakitetemeka. Nikashuka haraka.

"Susu, nimekutetea."

"Nilikuonyesha kidonda changu unisaidie kukifunga," akasema ndani ya leso. "Wewe umekianika mbele ya watu nisiowajua. Nyumbani sina pa kukaa. Sasa hata hapa umeniondoa."

Aibu ilinishika. Maana nilijua kitu ambacho yeye hakukijua: wakati nikimchapa Anko, vidole vyangu vilikuwa vinahesabu mizani mgongoni, na ilipotimia nane kila mstari nilifurahi. Sikuwa nikiwaza matuta yake, wala mukau wa mama yangu. Nilikuwa nawaza jinsi ubeti ulivyokaa vizuri. Nikachuchumaa kando ya kiti chake.

Anko alikuja akikanyaga nyasi kama mtu asiyeona vizuri. "Zimeni hiyo mashine," akasema bila kugeuka. Ikazimwa. Kimya kikawa kikubwa mno kwa boma lile.

"Wakubwa walikuwa wanakuja, mama, na waya haujafika," akasema. Hakuhitaji kipaza sauti. "Nikasema ni siku moja tu, waya utafuata. Halafu ukapelekwa kwingine, nami nikapandishwa cheo. Nikaona haya kuja. Ikapita Krismasi, ikapita nyingine, na haya ikazidi. Lakini nita..., bado nawajua watu pale ofisini, nitaleta taa..."

"Usiniahidi taa, Isaiah." Susu alishusha leso. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilisimama. "Ofisi huna tena. Na ahadi za taa nimezichoka."

"Basi unataka nini, mama?"

"Nataka watu wangu. Mimi ndiye niliyewaita. Wanajua mdomo ulikuwa wangu."

Lenox alianza kusema jambo kuhusu chakula. Mtu akamvuta koti, akaketi.

"Susu, nisamehe," nikasema. Alichukua kikapu chake akaniwekea mikononi nimshikie, na sikujua kama ni msamaha au ni kazi tu. Nilikishika.

Anko akapiga magoti kwenye nyasi na suti yake ya kustaafu. Akaishika mikono ya mama yake, ile mikono ya jembe, mbele ya wote waliokuja kumsifu.

"Mama, Jumamosi ijayo nakuja nyumbani," akasema. "Nitaita mwethya kwa jina langu, si lako. Wasipokuja, nitaenda boma kwa boma, nibishe kila mlango, niwaambie ulidanganywa kama wao, na aliyekudanganya ni mimi."