Mmarekani wa Viktoria Grevenhorst

Kwa miaka ishirini na tisa Uschi Kowollik alikuwa amewafulia jezi wachezaji wa Viktoria Grevenhorst, na hakuna hata mmoja aliyemtetemesha. Mtu ukishamfulia soksi, alikuwa akisema, humwogopi tena.

Januari ya mwaka 1995 klabu ilikuwa ya kumi na saba kati ya kumi na nane katika daraja la pili la Ujerumani. Kiangazi kilichopita Kombe la Dunia lilikuwa limechezwa Marekani, na viongozi wa Viktoria wakajiaminisha kwamba Wamarekani sasa wameujua mpira. Wakamleta kwa mkopo Trent Oberlander, mshambuliaji wa miaka ishirini na mbili kutoka Nebraska, mrefu kama mlingoti, mwenye tabasamu lisilojua kuzima. Jina lake la Kijerumani liliwapa watu matumaini kwa siku mbili, mpaka ikajulikana kwamba neno pekee la Kijerumani alilokuwa nalo ni “danke”, yaani asante.

Mechi ya kwanza alipewa mpira mita tatu mbele ya goli tupu. Akampiga nao mpiga picha. Viktoria wakala mabao manne, na filimbi ya mwisho ilipolia Trent akaenda peke yake mbele ya jukwaa la mashabiki kuwashukuru kwa kuja. Wakammwagia bia.

“Danke!” akasema, akijifuta macho.

“Huyu ni chizi au mtakatifu?” Uschi alimuuliza kocha, Detlef Strunk.

“Ni wa bure,” kocha akajibu.

Msemaji wa klabu alikuwa ameacha kazi wakati wa Krismasi, na ofisi yake ilipakana na chumba cha kufulia. Jumatatu ile simu ililia humo mpaka Uschi akachoka, akaenda kuinyanyua na mikono yenye povu. Aliyepiga ni Marlys Vandegrift, mhariri wa kigazeti cha Hollis Creek, mji wa kina Trent. Alitaka kujua kijana wao anaendeleaje.

Kiingereza chake Uschi alikiokota ujanani, alipokuwa akiwafulia askari wa Uingereza kambini, na nusu yake ilikuwa matusi. Akapekua nusu nyingine.

“Anakimbia,” akasema.

“Anakimbia tu?” Marlys akauliza. “Maana baba yake keshaagiza nakala sita.”

Uschi aliwaza zile nakala sita. “Mabeki wanamwogopa sana,” akasema. Na huo haukuwa uongo: Trent alikuwa amewakanyaga watatu, mmoja wao wa timu yake mwenyewe.

Basi ikawa mtindo. Kila Jumatatu saa tisa alasiri Marlys alipiga, na kila Jumatatu Uschi alizidi kunogewa. Trent kagonga mwamba. Trent katoa pasi ya bao. Mwezi Machi Trent akafunga mawili, moja la kisigino, dhidi ya timu ambayo Uschi aliibuni papo hapo kwa kusoma pakiti ya sabuni.

Uwanjani mambo yalikuwa mengine. Trent alicheza mechi saba bila bao, akapelekwa benchi, halafu hata benchi akalikosa. Mchana alikuwa akija kukaa chumba cha kufulia kwa sababu mashine za kukaushia zilikuwa na joto, na Uschi akamfundisha Kijerumani cha mtaani pale. Hakuwahi kulalamika. Uschi alitamani alalamike, angalau apate sababu ya kumfokea.

Mwishoni mwa Mei Marlys akapiga akiwa na furaha isiyo na kifani. “Tunakuja! Dale, baba yake, na watu kumi na tisa wa hapa mjini. Mechi ya mwisho! Tumeshakata tiketi za ndege.”

Uschi akaketi juu ya kapu la taulo. Kesho yake Trent alipoingia hakumpa nafasi hata ya kusalimia.

“Kaa chini, mwanangu. Nimekufanyia ujinga.”

“Wa gazeti?” Trent akatabasamu. “Mama hunitumia kila toleo. Lile bao la kisigino nililipenda sana.”

“Ulijua, ukanyamaza? We mlingoti!”

Trent aliigeuzageuza soksi moja mikononi. “Baba hakuniongelesha miaka minne, Mama Uschi. Tangu nilipouacha mpira wetu ule wa kubeba mikononi. Kwake huu ni mchezo wa watoto. Mwezi wa pili akanipigia simu. Sasa anapiga kila Alhamisi. Ningefanyaje?”

Uschi akamnyang'anya soksi ile, akaitupa kapuni. Akaenda moja kwa moja kwa kocha.

“Nimpange kwa sababu mfuaji nguo ametunga riwaya?” Strunk akacheka.

“Umewapanga mafundi wa mpira msimu mzima. Tuko wapi?”

“Uschi, toka.”

“Natoka. Na soksi zako zifue mwenyewe.”

Strunk akamweka Trent benchi. Kusema kweli hakuwa na wengi wa kuchagua: wanne walikuwa majeruhi na mmoja alikuwa kwenye fungate.

Jumapili ya mwisho sare tu ingewabakisha daraja la pili. Dale Oberlander, mkulima wa mahindi mwenye shingo ya ng'ombe dume, aliketi kando ya Uschi akiwa na kofia nyekundu, na nyuma yake wenzake kumi na tisa wenye kofia kama hiyo. Alimpa mkono Uschi mpaka bega likauma. “Wewe ndiye yule afisa wa klabu wa gazetini!” Uschi akajifanya anapiga chafya.

Dakika ya sitini na tatu, bado bila bao, beki wa kati alianguka akishika goti. Strunk aliliangalia benchi lake: viungo wawili wafupi, na Trent. Akatukana, kisha akamwashiria Trent aende nyuma kabisa.

Na hapo ndipo Grevenhorst walipomwona mchezaji. Kumbe tangu Januari walikuwa wamemsimamisha upande usio wake. Mpira wa juu aliutoa kwa kichwa, wa chini aliutoa kwa goti, na shuti la mita nane aliliziba kwa uso, akainuka na pua inayovuja damu, akitabasamu. Jukwaa lililommwagia bia likaanza kuimba jina lake. Uschi alimtazama Dale kwa pembeni. Mzee alikuwa ameng'ata kofia yake.

Dakika ya themanini na nane ikaja krosi. Trent aliruka kuliko wote, akaupiga kichwa kwa nguvu zake zote, na mpira ukaenda kulala kwenye nyavu za kipa wake mwenyewe.

Jukwaa zima likaketi. Kisha watu ishirini wenye kofia nyekundu wakaruka juu kwa pamoja.

“Kafunga! Dale, kijana kafunga!”

Maelfu ya vichwa yakawageukia. Uschi akamvuta Dale shati. “Keti, mzee. Ketini wote, mtauawa!”

“Si kafunga?”

“Kafunga. Ila katufunga sisi.”

Dale alifikiri. “Kwani si wamebadilishana upande baada ya mapumziko?”

“Wamebadilishana. Lakini si hivyo, baba wewe.”

Filimbi ikalia, Viktoria wakashuka daraja. Nusu ya jukwaa ikalaani, nusu ikaendelea kuimba kwa ukaidi. Uschi hakuweza tena kuvumilia. “Na yale ya gazetini niliyatunga mimi,” akasema. “Yote. Isipokuwa kwamba anakimbia.”

Uwanjani Trent alikuwa amekaa chini, jezi imefunika uso.

“Mwaka wangu wa kwanza wa kilimo,” Dale akasema hatimaye, “nilipanda ekari sitini za mahindi kwenye shamba la jirani. Sikugundua mpaka yalipofika magotini.” Akavaa kofia. “Mvulana wangu hilo halijui.”

“Basi nenda kamwambie.”

Akaruka uzio, na mlinzi aliyetaka kumzuia akaitazama shingo ile, akajifanya anafunga kamba za viatu. Uschi hakusikia walichosema. Aliona tu Trent akiinua kichwa, akisikiliza, kisha akicheka mpaka pua ikaanza kuvuja upya.

Strunk alifukuzwa kesho yake. Wachezaji kumi na mmoja wakahama kabla ya mwisho wa wiki. Kocha mpya alipouliza nani atabaki kucheza daraja la tatu, wa kwanza kuinua mkono alikuwa Trent, beki wa kati, mkataba wa miaka miwili.

Agosti, mechi ya kwanza, alipewa kadi ya njano kabla ya mapumziko kwa kumweleza refa, kwa Kijerumani safi cha Grevenhorst, mahali pa kuiweka filimbi yake. Viongozi waliitisha kikao kutaka kujua nani alimfundisha maneno yale. Uschi alikana katakata.